Chakula kipo, vitamini hazifiki: kwa nini mwili unapungukiwa

Katika vipindi vya afya swali hili hurudi kila baada ya wiki chache, na aghalabu hutoka mashamba kuliko mjini. Msikilizaji husema: sisi huku tuna embe, tuna papai, mchicha uko nyuma ya nyumba, nazi tunaangua wenyewe. Vipi basi mtoto anapelekwa kituo cha afya tunaambiwa amepungukiwa na vitamini?

Swali ni la haki. Chukua Kizimbani, mwendo wa daladala usiofika saa moja kutoka Darajani. Hapa palikuwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo ya karafuu Unguja, mapema katika karne ya 19, na hapa ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, ZARI. Mgeni anayetembezwa kwenye mashamba ya viungo huonjeshwa balungi, shokishoki, fenesi na dafu kabla hajarudi hotelini. Ukiitazama ardhi peke yake, huoni kwa nini mtu wa hapa akose vitamini.

Lakini vitamini haihesabiwi shambani. Inahesabiwa ndani ya damu na ini la mtu, na kutoka mtini hadi kwenye ini njia ni ndefu na ina matundu mengi. Tunda linaweza kupotelea sokoni. Jani linaweza kupoteza nguvu yake chunguni. Chakula kinaweza kufika tumboni kikapita bila kushikwa. Na kinachoshikwa kinaweza kuliwa na homa kabla mwili haujakitumia. Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

Akiba ya mwili

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Neno "vitamini" lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mwanasayansi mzaliwa wa Poland. Zinazojulikana leo ni 13: A, C, D, E, K na kundi la B lenye nane. Haziupi mwili nguvu kama wali au muhogo unavyofanya. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kutumia kile ulichokula, kujenga damu, kuona, kuponya jeraha, kupambana na maradhi. Zinahitajika kidogo sana, na nyingi mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba kila siku na bado akapungukiwa.

Jambo ambalo watu wengi hawaelezwi ni kwamba kila vitamini ina akiba yake, na akiba hizo hazilingani. Vitamini A huwekwa kwenye ini, na mtu mzima aliyekula vizuri anaweza kukaa nayo miezi kadhaa. B12 hukaa miaka. Vitamini B1 huisha ndani ya wiki mbili tatu tu. Vitamini C ikikosekana kabisa, fizi huanza kuvimba na kutoka damu baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Ugonjwa huo tunauita kiseyeye.

Pwani yetu imeona hesabu hiyo ikitimia. Vasco da Gama aliporudi kutoka India alikaa baharini karibu miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498 hadi Januari 1499, upepo ukiwa kinyume naye. Mabaharia wake walivimba fizi mpaka wasiweze kutafuna. Wapatao 30 walikufa njiani, na kila chombo kikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi, jambo la mwanzo waliloomba kwa ajili ya wagonjwa lilikuwa machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafia pale pale. Mabaharia walikuwa hodari na chakula kikavu walikuwa nacho, lakini tunda halikuwemo kwa miezi mitatu.

Msimu wetu una kitu kinachofanana na hicho, ingawa si kikali hivyo. Embe zikijaa mwisho wa mwaka mtoto hula tano kwa siku, na akiba yake ya vitamini A inapanda. Embe zikiisha, akiba hiyo ni ya kutumia polepole. Mtoto mdogo ini lake ni dogo, anakua haraka, na homa mbili tatu zinaweza kuimaliza kabla msimu haujarudi. Kwa hiyo kusema "tuna embe" ni kweli kwa miezi michache tu.

Kwenye sahani

Tundu la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni sahani yenyewe. Tazama mlo wa siku wa nyumba nyingi: asubuhi chai ya rangi na mkate wa boflo au andazi, mchana wali na mchuzi wa samaki ambaye kwa mtoto ni kipande kama kidole, usiku muhogo au wali uliobaki. Tumbo limejaa. Rangi ya sahani nzima ni nyeupe.

Mchele mweupe una habari yake. Punje ya mpunga imevaa ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, na ngozi hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya vitamini B1. Bibi zetu walipotwanga kwa mchi, ngozi haikutoka yote. Mashine ya kukoboa huiondoa kabisa, punje ikang'aa, na mchele mwingi tunaokula Unguja unakuja na meli ukiwa tayari umeng'arishwa. Halafu tunauosha maji matatu, B1 iliyobaki ikamwagwa pamoja na maji.

Kisa cha kugundua haya kilitokea Java miaka ya 1890. Daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi, ambao hudhoofisha miguu na moyo. Kuku wake wa majaribio wakapata ugonjwa unaofanana nao, kisha ghafla wakapona. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa wagonjwa wa jeshi, na mpishi mpya alipokuja akakataa: wali wa jeshi si wa kuku. Wakarudishiwa mchele wa rangi ya kahawia, wakasimama. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na mpishi, kama kawaida ya wapishi, jina lake hakuna anayelitaja.

Wali mweupe si sumu. Mwenye kuula pamoja na kunde, choroko, samaki na mboga za majani anaipata B1 kwingine. Hatari ni pale wali unapokuwa ndio chakula na kitoweo kinakuwa harufu tu. Kwenye mahindi mambo ni hayo hayo kwa vitamini nyingine ya kundi la B, niasini. Mwaka 1990 nchini Malawi maelfu ya wakimbizi kutoka Msumbiji walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuharisha na kuchanganyikiwa, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula na kubaki na mahindi.

Sasa muhogo na viazi. Kizimbani watafiti wamefanya kazi kubwa kwenye muhogo. Mwaka 2007 walitoa mbegu nne zilizohimili maradhi ya batobato na michirizi ya kahawia, zikaitwa Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Ziliwapa wakulima mavuno pale ambapo mizizi ilikuwa ikioza ardhini. Ila muhogo mweupe, hata uwe wa mbegu bora, hauna vitamini A ya kutegemewa. Kwa hilo zao la kuangalia ni viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, wanavyoviita viazi lishe. Rangi ile ni beta karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi cha nyama nyeupe karibu hakina. Kazi ya kuvieneza viazi hivi Afrika ilitambuliwa kwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliopewa ni jirani yetu, Robert Mwanga wa Uganda. Ukipata mbegu yake panda hata tuta moja karibu na jiko, maana hata majani yake, matembele, ni mboga nzuri.

Hapa pana kosa ninalolisikia sana: watu hudhani kila chenye rangi kali kina vitamini A. Sisi tunaoishi na viungo tunadanganyika kwa urahisi. Wekundu wa mzingefuri, unaopendwa na watembeza wageni kwa kuwapaka mdomoni, ni wa jamii moja na beta karotini, lakini mwili hauwezi kuugeuza kuwa vitamini A. Umanjano wa manjano ni kitu kingine kabisa. Viungo ni vizuri na chakula bila viungo sijui kinaliwaje, lakini kijiko cha bizari mchuzini si mboga. Rangi za kuhesabu ni za embe mbivu, papai, boga, karoti, kiazi lishe, na kijani kilichokolea cha mchicha, kisamvu, matembele na mchunga. Mawese mekundu nayo yamo, kwa anayeyapata.

Kingine kinachotoa vitamini kwenye sahani ni soko, nalo halizungumzwi sana. Alfajiri gari hupakia mapapai, ndizi, mayai na tungule kwenda Mwanakwerekwe na Darajani. Pweza na samaki mzuri huenda hotelini. Nyumba inabaki na pesa, na pesa hiyo ina kazi nyingi: sare za skuli, nauli, mchele, sukari. Sijui mzazi gani angefanya vingine. Ila unapouza trei ya mayai na kurudi na mkate mweupe, ujue ulichobadilisha. Yai moja lina vitamini A, B12 na foleti. Boflo limebeba unga tu. Kubakiza mayai mawili kwa mtoto wa miaka miwili na mama mjamzito si ubadhirifu.

Na kabla hatujaondoka kwenye sahani, dagaa. Watu huwaona chakula cha shida. B12 haipo kabisa kwenye mboga wala matunda. Ipo kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai tu. Dagaa mzima, aliyeliwa na kichwa na utumbo wake, anatoa B12 pamoja na chokaa ya mifupa kwa bei ambayo nyama haiwezi. Kiganja cha dagaa waliosagwa kwenye uji wa mtoto aliyemaliza miezi sita hubadilisha uji mweupe kuwa chakula.

Chunguni

Vitamini C na za kundi la B huyeyuka kwenye maji, na C pamoja na foleti haziuvumilii moto. Kwa hiyo mama anayekata mchicha vipande vidogo, akauosha baada ya kukata, akauchemsha nusu saa na kumwaga maji, amebaki na nyuzi na rangi. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa maji machache na uepue mapema. Wanaotia magadi ili mboga ilainike na ibaki kijani huua B1 na C kwa haraka zaidi.

Kisamvu ndicho cha kuangaliwa kwa uangalifu. Kisitwangwe juu juu wala kuepuliwa mapema ili kuokoa vitamini, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kupikwa muda mrefu. Pika kama kawaida. Vitamini C itapotea, lakini beta karotini hubaki kwa sehemu kubwa. C itafute kwenye chungwa, pera, papai au kamulio la ndimu juu ya chakula kilichokwisha epuliwa.

Beta karotini yenyewe ina sharti: bila mafuta haishikwi vizuri tumboni. Na hapa upishi wa pwani una hekima ambayo haikungoja maabara. Tui la nazi halina vitamini A, ila mafuta yake ndiyo yanayoibeba ile ya kisamvu, boga na matembele kuingia mwilini. Mchicha wa kuchemsha na chumvi tu, hata ukiwa bakuli zima, hutoa kidogo.

Mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A nayo yana adui wake. Tanzania Bara ilitunga kanuni za kurutubisha unga na mafuta mwaka 2011, na chupa nyingine zinazouzwa kwenye maduka yetu zina alama hiyo. Lakini vitamini A huharibiwa na mwanga. Mafuta yaliyokaa kwenye chupa nyeupe juu ya meza ya duka, jua likiyapiga kutwa, yanaweza kuwa yamepoteza sehemu kubwa ya kilichotiwa. Nunua yaliyokaa kivulini, na nyumbani yaweke kabatini.

Tumboni na kwenye homa

Sasa tuseme chakula ni kizuri na kimepikwa vizuri. Bado kuna tumbo. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, utumbo wake umechubuka na chakula kinapita mbio. Mchango ya tumbo hula pamoja naye na kupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini A. Safura, wanaoingia kupitia nyayo za miguu peku, hunyonya damu, na damu ikipotea madini ya chuma huondoka nayo. Chuma si vitamini, watu huvichanganya, ila vinakwenda pamoja: vitamini C husaidia chuma cha mboga kushikwa, wakati chai ya rangi inayonywewa na chakula hukizuia. Kichocho nacho, ambacho Unguja na Pemba tunakijua vizuri, humtoa mtu damu kwenye mkojo kwa miaka. Ndiyo sababu dawa ya minyoo na matone ya vitamini A aghalabu hutolewa kwa watoto siku moja.

Homa hutumia akiba. Hapa ugonjwa wa kukumbuka ni surua. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari waliona watoto wengi wakipofuka baada ya surua. Wakafanya jaribio kwa watoto 180 waliolazwa kwa ugonjwa huo, na matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Waliopewa vitamini A walikuwa 88, wakafa 6. Wasiopewa walikuwa 92, wakafa 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Lilikuwa jaribio dogo, lakini mwaka 1990 jingine la Cape Town lilikubaliana nalo, na leo ni kanuni duniani kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Watoto wale wa Mvumi hawakuwa lazima na njaa. Surua ilimaliza kilichokuwa kwenye ini, na jicho likawa la kwanza kulipa.

Dalili ya jicho huanza magharibi. Mtoto aliyekuwa akikimbia na wenzake mchana, giza likianza kuingia anajikwaa, anashika ukuta, anakaa karibu na mama yake. Wazazi husema ni woga. Baadaye weupe wa jicho unakauka na kuota baka la rangi ya povu. Hapo si pa kungojea kesho wala kupaka dawa ya kienyeji jichoni. Kioo cha jicho kikishalainika kinaweza kutoboka ndani ya siku chache, na upofu huo haurudi nyuma.

Dawa za maradhi mengine nazo huondoa vitamini, na mgonjwa anayejua hili hatashangaa. Mwenye kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa pia B6, kwa sababu dawa hiyo huiharibu na kuleta ganzi na moto miguuni. Mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa na B12, nayo pia huleta ganzi miguuni, kwa hiyo si kila ganzi ya mwenye sukari ni ya sukari. Muulize daktari wako. Pombe ya kila siku humaliza B1. Wazee nao tumbo lao hupunguza uwezo wa kuitoa B12 kwenye chakula, hata kama hamu ya kula bado ipo.

Wakati mahitaji yanapopanda

Kuna watu ambao sahani yao haijabadilika ila mwili wao umebadilika. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, kijana wa kike aliyeanza hedhi, mgonjwa wa selimundu ambaye mwili wake hutengeneza damu mpya bila kupumzika na ndiyo maana hupewa asidi ya foliki.

Kwa mjamzito jambo lenye haraka kuliko yote ni foleti, yaani vitamini B9. Uti wa mgongo wa mtoto tumboni hujifunga ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Hesabu mwenyewe: wakati huo mama ndio kwanza anaanza kuona siku zake zimechelewa. Foleti ikiwa pungufu siku hizo, mtoto yumo hatarini kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa maji. Si kila mgongo wazi unatokana na foleti, na mama asilaumiwe kwa hilo. Lakini sehemu kubwa huweza kuzuilika. Vidonge vinavyotolewa kliniki vina faida kwa damu ya mama wakati wote wa mimba, ila kwa mgongo wa mtoto anayekwenda kliniki mwezi wa nne amefika baada ya mlango kufungwa. Kwa hiyo anayepanga kubeba mimba aombe asidi ya foliki kabla, kipimo cha kawaida kikiwa mikrogramu 400 kwa siku, na kunde na mboga za majani zisikosekane. Maneno haya ni ya waume pia, kwani wao ndio mara nyingi wenye pesa ya mboga.

Maziwa ya mama yana kila anachohitaji mtoto kwa miezi sita ya mwanzo, isipokuwa vitamini mbili ambazo huwa chache ndani yake: K, inayogandisha damu na hutolewa kwa sindano mtoto anapozaliwa, na D.

Jua lipo, vitamini D haipo

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Utasema basi hii kwetu haina shida. Lakini ndugu zetu wa Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako jua ni kali kuliko letu, wana upungufu wa vitamini D kwa wingi unaojulikana sana. Sababu ni kwamba watu hukaa ndani, na wanapotoka wamejifunika. Ngozi nyeusi pia huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kwetu mwanamke wa shamba anayelima hupata jua usoni na mikononi, lakini aliyehamia mjini, anashinda ndani ya nyumba ya ghorofa na mtoto mchanga asiyetolewa nje kwa hofu ya upepo au kijicho, anaweza kuwa katika hali ile ile ya mtu wa Muscat. Mtoto huchelewa kutembea, miguu hupinda matege. Uani, penye stara, dakika chache za jua la asubuhi kwenye mikono na miguu zinatosha kusaidia, na samaki wa mafuta kama vibua husaidia pia.

Kabla hujanunua kopo la vidonge

Baada ya maelezo yote haya huwa ninaulizwa: si bora kununua vidonge vya vitamini tu? Wakati mwingine ndiyo, kwa ushauri. Lakini Pemba ilitufundisha tahadhari. Katika utafiti mkubwa uliowahusisha watoto wadogo zaidi ya 24,000, waliokuwa wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufariki zaidi ya wasiopewa, kwa tofauti ya asilimia 12. Sehemu hiyo ikasimamishwa Agosti 2003, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kisiwa kilikuwa na malaria nyingi wakati ule, na inaonekana chuma kiliwanufaisha vijidudu pia. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli, wakapimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, walinufaika. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu hapo, lakini kumpa mtoto dawa ya kuongeza damu kwa kumtazama weupe wa kiganja tu, bila kipimo, si jambo la kufanya nyumbani.

Vitamini A nayo ikizidi hukaa kwenye ini na kudhuru, kwa sababu haitoki na mkojo kama C. Mjamzito asimeze vidonge vyake vyenye nguvu, vinaweza kumwumiza mtoto tumboni. Matone ya watoto yamepimwa kwa umri: kidonge laini cha bluu, yuniti 100,000, kwa aliye na miezi 6 hadi 11; chekundu, yuniti 200,000, kwa aliye na miezi 12 hadi 59, kila baada ya miezi sita. Siku hizo zikitangazwa na sheha, chukua kadi ya mtoto na uhakikishe imeandikwa tarehe, ili asije akapewa mara mbili au akarukwa.

Ukifika kituo cha afya, usiseme tu "hana vitamini". Eleza mtoto anakula nini tangu asubuhi hadi usiku, ameharisha mara ngapi mwezi huu, alipewa dawa ya minyoo lini, aliwahi kupata surua, na kama magharibi anaona. Kwa majibu hayo mhudumu atajua tundu liko wapi kwenye ile njia ya kutoka mtini hadi kwenye ini.